Njano Shavuni mwa Mama

Kuna watu wakionyeshwa picha huona mtu. Fundi Fremu huona pembe. Miaka kumi na saba ya kukata mbao, kupima vioo na kupigilia vimisumari visivyozidi urefu wa ukucha imemharibu macho kwa namna hiyo. Mpelekee picha ya harusi yako, atakwambia bwana harusi kasimama nusu nje ya taa kabla hajakupa hongera. Usimnunie, ndivyo alivyo. Jina lake halisi limeshasahaulika mtaani. Hata barua zake huandikwa Fundi Fremu, na zinafika.

Jumanne asubuhi wifi yake aliingia dukani na bahasha kubwa kwapani, akaiweka juu ya meza ya kukatia bila kuuliza kama meza ina kazi.

"Kaka yako anasema hii iwekewe fremu nzuri," alisema. "Ijumaa iwe tayari. Jumamosi tunakaa kikao cha nyumba, tunataka iwe imeshatundikwa sebuleni kabla watu hawajakaa."

"Nyumba gani?"

"Nyumba ya mama, wifi. Kwani iko nyingine?" Akacheka kicheko cha mtu anayetazama saa. "Itazame basi. Mama ametoka vizuri, peke yake, utadhani msichana."

Akaaga, akaenda zake. Fundi akafuta mikono kwenye aproni, akaitoa picha.

Mama yao alikuwa amezikwa miezi mitatu iliyopita, na sebule yake ilikuwa bado haina picha yake hata moja ya maana. Fundi alipoiona ile sura moyo ulimlainika, machozi yakasogea hadi mlangoni mwa macho. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, anacheka. Hakuwa anatabasamu kama watu wanaoambiwa watabasamu. Alikuwa anacheka kwelikweli, mdomo wazi, pengo la jino la pembeni linaonekana, jicho moja limekaribia kufumba kwa utani. Mama aliyekaa cherehanini miaka arobaini akibana pini midomoni hakuwa mtu wa kufungua mdomo ovyo. Kwa hiyo kicheko kile kilikuwa na thamani.

Kisha macho ya kazi yakaamka, na hapo ndipo amani ilipotoka.

Kwanza, mama hakuwa katikati. Alikuwa kasukumwa upande wa kushoto wa picha, na kulia kumebaki pazia tupu, upana wa mtu mzima. Mpiga picha akimweka mtu pembeni huwa ana sababu: humwachia nafasi ya kutazama, au humwachia dirisha, au ua. Hapa hapakuwa na dirisha wala ua. Palikuwa na pazia la studio, la kijivu, limekaa kama foleni iliyokimbiwa na watu.

Pili, macho. Mama hakuitazama kamera. Kichwa kilikuwa kimeinama kulia na kuinuka kidogo, macho yanapanda, kama yanamfuata mtu aliyesimama karibu yake. Ukifuata mstari wa macho yale kwa rula, na Fundi aliufuata kwa rula kweli, unaangukia kwenye mkunjo wa pazia ambao hauna la kuchekesha.

"Mama," akasema peke yake dukani, "unamchekea nani?"

Akachukua kioo cha kukuzia. Mtu akishaanza kushuku hana dogo. Akiona uzi anataka kujua shuka. Akaenda begani. Mama alivaa gauni la bluu la kitambaa kizito, na kitambaa hicho begani kilikuwa kimebonyea. Mibonyeo minne, imepangana, na mmoja mfupi upande wa nyuma. Vidole vinne na gumba. Lakini mkono haupo. Akahamia kwenye pazia. Mkunjo wa kwanza una doa dogo jeupe. Mkunjo wa tatu una doa lile lile, na wa tano pia. Madoa hayazai mapacha watatu. Kuna mtu alikata kipande cha pazia akakibandika na kukibandika tena ili afunike kitu.

Halafu akaiona njano. Ilikuwa shavuni mwa mama, upande wa kulia, chini ya mfupa wa shavu. Siyo doa, ni mwanga tu, mwepesi, kama mtu akikusogelea na embe bivu... sivyo, tuseme wazi: kama mtu aliyevaa gauni la njano akisimama karibu yako kwenye taa kali, rangi ya nguo yake hukurukia usoni. Kila fundi picha anajua. Aliyefuta mtu kwenye picha hii alifuta mwili, akafuta kivuli, akafuta mkono. Njano akaisahau.

Fundi Fremu akakaa kwenye kigoda. Gauni la njano alikuwa nalo nyumbani kabatini. Mama alimshonea mwenyewe mwaka jana, na siku lilipokamilika alimkokota hadi studio kwa mpiga picha Macho Manne, "twende tukapige kabla hujalimwagia gundi". Huko studio Fundi alisimama kando ya kiti, mkono begani kwa mama, akamnong'oneza jambo la kijinga kuhusu wigi la mpiga picha. Hapo mama akacheka. Ni kicheko hicho hicho, na ni siku hiyo hiyo. Aliyefutwa ni yeye.

Sasa, ili umwelewe, lazima nikwambie jambo ambalo yeye hapendi lisemwe. Fundi hakuzaliwa na mama yule. Aliletwa akiwa na miaka mitatu na jirani aliyesema anakwenda safari ya wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha mpaka leo. Mama hakuwahi kumwita mtoto wa kulea. Alimwita binti yangu, akampiga alipostahili, akamsomesha, akamgombeza kwa kuacha shule ya ushonaji kwenda kujifunza fremu. Kaka yake, aliyezaliwa tumboni, alikuwa mkubwa kwa miaka sita na alimbeba mgongoni hadi alipokuwa mzito. Yote yalikwenda sawa mpaka siku ya msiba, pale karatasi ya maisha ya marehemu iliposomwa mbele ya watu: "Ameacha mtoto mmoja wa kiume, pamoja na binti wa kulea." Watu waliitikia, wakaendelea kupangusa jasho. Yeye lile neno lilimkaa kooni mfano wa mwiba wa samaki, na miezi mitatu alikuwa analimeza halishuki.

Basi weka vitu hivi pamoja kama alivyoviweka yeye. Msibani wameshamtenga kwa maneno. Baada ya msiba wifi ndiye aliyepanga vitu vya mama, na nakala ndogo ya picha ile ile, iliyokuwa imechomekwa kwenye kioo cha kabati la mama, haikuonekana tena. Aliuliza mara mbili, akajibiwa "labda imedondoka". Na sasa Jumamosi kuna kikao cha nyumba, na kabla ya kikao itatundikwa sebuleni picha ya mama ambayo yeye amefutwa, ili kila atakayekaa pale aone: mama peke yake, hana binti. Tena kazi ya kuitengenezea fremu kapewa yeye. Mtu akuchimbie kaburi halafu akutume ukanunue jembe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Hakupiga kelele. Aliitoa simu, akamwandikia kaka yake: *Jumamosi msinihesabu. Funguo za kwa mama nitampa wifi.*

Simu ikaita. Kaka. Hakupokea. Ikaita tena, halafu tena. Aliifunika kwa kipande cha ubao akarudi kwenye kioo cha kukuzia, akaendelea kujiumiza.

Kesho yake alifunga duka saa nne, jambo ambalo halijawahi kutokea siku ya kazi, akaenda studio. Alitaka kitu kimoja tu: mwandiko. Kila kazi kwa Macho Manne ina bahasha yake, na juu ya bahasha mteja mwenyewe huandika anachotaka, kwa sababu Macho Manne hasikii vizuri na alishachoka kulaumiwa. Mwandiko wa wifi Fundi aliujua, ule wa kuegemea nyuma kama mtu anayevutwa kanzu. Akishaushika mwandiko huo mkononi, Jumamosi atakwenda kikaoni hata kama alisema haendi, ataiweka bahasha mezani, na wataongea vizuri.

Macho Manne alikuwa kwenye kompyuta anamwondolea mtu chunusi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya miwani mikubwa, ingawa waliompa jina hilo walikuwa na mzaha, maana hata ikiwa puani alikuwa anapapasa.

"Nataka bahasha ya picha ya mama," Fundi alisema kwa sauti ya juu.

"Ilishachukuliwa."

"Picha imechukuliwa. Nataka bahasha."

Macho Manne akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Bahasha ya mteja ni ya mteja, dada."

"Mteja ni nani?"

"Si vizuri hivyo. Leo nikuonyeshe wewe ya mwenzako, kesho nimwonyeshe mwenzako ya kwako."

Angalia sasa. Mtu angesema "mteja ni kaka yako" au "mteja ni wifi yako", mambo yangeisha. Kusitasita kwake kukawa mafuta juu ya moto. Fundi akavuta kiti, akakaa katikati ya mlango, mahali ambapo mteja asingeweza kupita bila kumruka, akasema hana haraka. Mama mmoja mwenye mtoto wa picha ya pasipoti alichungulia akarudi. Kijana mmoja alichungulia akarudi. Wa tatu alipochungulia, Macho Manne akavuta droo.

"Mimi sikutaka kukuumiza," akasema. "Ndiyo maana. Ujue mimi ni mtu wa kutekeleza tu."

Bahasha ilikuwa ya kaki, imechakaa pembeni. Mwandiko haukuwa wa wifi. Herufi zilikuwa kubwa, zimesimama, kila moja mbali na jirani yake, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki juu ya kitambaa. Ulikuwa mwandiko wa mama. *Mtoe binti peke yake. Kubwa, ya ukutani.*

Ndani yake mlikuwa na ile nakala ndogo iliyopotea kwenye kioo cha kabati. Wawili wako pale, bluu na njano. Na kumzunguka binti, kuanzia nywele hadi kiunoni, mama alikuwa amechora duara kwa kalamu ya wino.

Fundi alisoma yale maneno mara tatu. Kusoma hakusaidii kitu kikishaandikwa. Mtoe binti peke yake. Siyo kaka, siyo wifi. Mama, kwa mkono wake, akiwa hai na akili timamu, alitoka nyumbani na picha hii, akaja hapa, akaomba yeye aondolewe.

"Alikuja lini?"

"Wiki mbili kabla hajalazwa. Kazi ilipokamilika akawa yuko hospitali, ikakaa. Kaka yako alikuja na risiti mwezi huu, anasema aliikuta kwenye boksi la nyuzi. Yeye wala hakujua ni picha gani."

Kwa hiyo kaka hakujua. Ungedhani hilo lingempa nafuu. Halikumpa. Kumshuku wifi kulikuwa kazi rahisi, hata yenye raha yake kidogo, tukisema ukweli. Kumshuku mama ni kitu kingine. Akaanza kurudi nyuma, siku moja moja, akitafuta alikosea wapi. Alimjibu vibaya lini? Siku ile alipochelewa na dawa? Au mama alikuwa anajua siku zake zimekaribia, akaona ni wakati wa kuweka mambo sawa, damu upande huu na huruma upande ule? Miaka thelathini na minne aliitwa binti yangu, na mwishoni binti kawekewa duara kama kosa kwenye daftari la mtoto.

Akasimama. Akaipangusa suruali mavumbi ambayo hayakuwepo. "Asante," akasema, akatoka na bahasha mkononi.

Alikuwa ameshafika kwenye duka la vyombo vya plastiki, nyumba ya tatu, Macho Manne alipomfuata mlangoni akapaza sauti kama wasiosikia wanavyofanya, mtaa mzima ukasikia. "Usimfikirie vibaya marehemu. Alikuhurumia sana. Alisema nikutoe taratibu, nisije nikakuharibu mkono."

Fundi akaendelea kutembea hatua mbili. Ya tatu haikutoka.

Akageuka. "Alisema nini?"

"Nikutoe taratibu, nisikuharibu mkono. Na bega nisilikate."

"Bega la nani?"

"La kwako. Alilionyesha kwa kidole, hapa, kwenye mshono. Alisema huo mshono ulimtesa siku mbili."

Macho Manne akamsogelea hadi mbele ya lile duka. Kichwani Fundi alikuwa yuko sakafuni chini ya meza ya kukatia ya mama, ana miaka saba, anachezea mabaki. Juu yake mama anaongea na mteja, pini midomoni, chaki mkononi. *Kitambaa hiki kinatoa gauni mbili. Hapa nakutolea sketi. Ngoja kwanza nitoe blauzi ya mtoto.* Na kila alichotaka kukitoa alikizungushia chaki. Mkasi ukapita juu ya chaki. Kilichokuwa ndani ya mstari kiliinuliwa kwa mikono miwili kikawekwa juu ya meza. Kilichokuwa nje kilidondoka chini, kwa mtoto, kikawa cha kuchezea.

"Macho Manne," akasema polepole, "mama yangu alikuwa anafanya kazi gani?"

"Si alikuwa fundi cherehani! Hata hili pazia alishona yeye."

"Ukimpelekea fundi cherehani kitambaa ukamwambia akutolee gauni, anafanyaje?"

"Analikata."

"Halafu? Gauni anatupa, anakurudishia kitambaa chenye tundu?"

Macho Manne akafungua mdomo. Alikuwa mtu wa kuondoa: chunusi, mikunjo, waume walioachwa, mashemeji waliokosana na ukoo. Miaka yote, mtu akimwambia *mtoe huyu*, maana yake huyu hatakiwi. Halikuwahi kumpitia akilini kwamba yupo mtu duniani ambaye akisema *mtoe*, anachokitaka ni hicho kinachotoka. Akavua miwani. Safari hii hakuifuta. Akaangalia chini.

"Alitaka picha yako wewe," akasema. "Peke yako. Kubwa, ya ukutani."

"Ndiyo."

"Nami nikakutupa wewe nikambakiza yeye."

"Ndiyo."

"Dada, nisamehe."

Fundi alikuwa analia, tena pale pale barabarani mbele ya mabeseni ya plastiki, na mwenye duka akamsogezea ndoo akalie vizuri. Nakwambia, alikalia.

Kaka alimkuta dukani kwake saa kumi. Alikuwa amejaa vumbi la kazini na simu mkononi, simu iliyopiga mara kumi na moja bila kupokelewa. Ni mtu mnene, mpole, asiyejua afanye nini na mikono yake anapokasirika, kwa hiyo alikuwa ameiweka mifukoni.

"Msinihesabu ndiyo nini?" akauliza. "Nimekukosea nini mimi?"

Fundi alikuwa amesamehe nusu tu. Mtu aliyeshuku kwa muda mrefu haachi siku moja, ni kama kilema cha kutembea. Mguu umepona, yeye bado anachechemea. Kwanza alitaka kumpima. Akaiweka ile picha kubwa mbele yake, akakaa upande wa pili wa meza na kumtazama usoni.

"Hii uliichukua wewe studio. Ulipoiona, uliona nini?"

"Nilimwona mama."

"Na kingine?"

Kaka akainama. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyotarajia mtu yeyote. "Hiyo njano hapo nilidhani ni wino," akasema. "Nikamwambia mke wangu, wino umemwagika shavuni. Lakini nikuambie ukweli? Sikuipenda hii picha. Mke wangu aliipenda, mimi iliniudhi, sikujua kwa nini. Usiku wa kwanza niliiweka kifudifudi." Akatoa mkono mmoja mfukoni, akaigusa picha pembeni ya uso wa mama. "Anachekea mtu. Nikawa nauliza ni nani. Mimi ndiye niliyetoka tumboni mwake, na sura hiyo sijawahi kuchekewa hata siku moja."

Fundi alikuwa ameandaa maneno mengi. Alikuwa na ya msibani, ya wifi, ya kioo cha kabati. Yote yakamwishia. Hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba yule mtoto wa tumboni naye alikuwa na mahali panapomuuma, na kwamba panauma kwa sababu yake.

Akatoa bahasha, akaiweka mezani. Kaka akausoma mwandiko, akaitazama ile picha ndogo, bluu na njano, na duara la wino. Yeye hakuhitaji kuelezwa maana ya *mtoe*. Alikulia chini ya meza ile ile.

"Alikutoa," akasema.

"Alinitoa."

Nje mtu alikuwa anaburuta mkokoteni wa mbao.

"Ile karatasi ya msibani niliiandika mimi," kaka akasema. "Siyo mke wangu. Nilijiambia ni ukweli tu, kuna ubaya gani kusema ukweli. Nilijua kuna ubaya."

"Nilijua ni wewe."

"Hukujua. Ulidhani ni yeye."

"Nilidhani ni yeye," Fundi akakubali, na wote wawili wakacheka kidogo, kwa aibu.

"Na Jumamosi uje. Wifi yako anataka nyumba ipangishwe, na mimi nikibishana naye peke yangu unajua nitakavyoishia. Nilikuwa nakutegemea wewe uje ukatae." Akafuta uso kwa kiganja. "Halafu unaniandikia msinihesabu. Nimhesabu nani sasa?"

Jumamosi sebule ilijaa. Picha kubwa haikuwepo ukutani. Ilikuwa studio kwa Macho Manne, ambaye alikuwa ameahidi kuifanya kazi upya kama ilivyoandikwa, bila malipo, na kuanzia siku hiyo mteja akimwambia amtoe mtu humuuliza kwanza: unamtaka au humtaki? Badala yake, juu ya kiti cha mama, palitundikwa ile nakala ndogo, isiyozidi kiganja, ndani ya fremu pana ya mbao nyeusi ambayo Fundi aliikata mara nne mpaka pembe zikashikana. Kioo chake alikisafisha hadi hakionekani. Wino hakuugusa.

Wifi aliingia na sinia la vikombe vya chai, akasimama, akasogea karibu.

"Jamani, hii si imechorwachorwa na kalamu," akasema. "Mnatundika picha iliyoharibika mbele za watu? Na huyu ni nani hata azungushiwe duara?"

Fundi akafungua mdomo, mabega yameshapanda, tayari. Lakini kaka yake ndiye aliyejibu, akiwa amekaa, bila kuinua sauti, wajomba na mashangazi wote wakimsikia.

"Ni binti wa mama," akasema. "Weka chai chini, wifi yako ana la kusema kuhusu nyumba."